Mkataba wangu hauna uhakika, nami nimeanza kuogopa chakula

Kwako Mama Mshauri,

Nakuandikia kutoka Mamboleo, Kisumu, ninakoishi na mume wangu na watoto wetu wawili, binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka minne. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunza takwimu za wagonjwa katika mradi wa afya unaotegemea wafadhili wa nje. Fedha za wafadhili zilipoanza kukatwa mwanzoni mwa mwaka wa 2025, wenzangu wengi waliachishwa kazi, na sisi tuliobaki tukawekwa kwenye mikataba ya miezi mitatu mitatu. Kila mkataba unapokaribia kwisha, hakuna anayetuambia lolote mpaka siku za mwisho kabisa. Mume wangu ana karakana ndogo ya useremala, na mapato yake hupanda na kushuka. Karo, kodi ya nyumba, na dawa za mama yangu mzazi, ambaye anaugua kisukari, hutegemea zaidi mshahara wangu.

Katika kipindi hicho hicho nilianza kubadilisha ulaji wangu. Nilianza kwa kuacha sukari, kwa sababu ya ugonjwa wa mama, na hakuna aliyeona ubaya wowote. Baadaye niliacha mandazi na chapati, kisha mkate, kisha ugali wa mahindi baada ya kusikia habari za sumukuvu, ile sumu ya nafaka iliyoota kuvu, na hatimaye mafuta ya kupikia. Siku hizi nakula mara mbili, saa sita mchana na saa kumi jioni, na baada ya hapo sitii chochote kinywani isipokuwa maji. Jikoni nina mizani ndogo ninayopimia viazi vitamu, na nina daftari ninamoandika kila nilichokula. Siku ikipita bila mimi kuvunja kanuni hata moja, nalala kwa utulivu ambao sijaupata penginepo tangu mambo ya kazi yaharibike. Nikivunja kanuni, kwa mfano nilipokula kipande cha keki ofisini tulipokuwa tukimuaga mwenzetu, usingizi hunipaa, na kesho yake napunguza chakula zaidi.

Desemba tulikwenda Siaya, nyumbani kwa kina mume wangu. Mama mkwe alinichinjia kuku, akampika kwa heshima zote anazopewa mgeni. Nilimwomba badala yake anichemshie mboga ya osuga (mnavu) bila mafuta. Hakusema neno, lakini tangu siku hiyo kila akimpigia mume wangu simu humuuliza kama mimi ni mgonjwa. Majirani nao wanasema nimekonda, na wengine wananong'ona mambo ambayo nayajua bila kuambiwa. Kweli nimepungua sana. Nahisi baridi hata jua la Kisumu linapowaka, nywele zinadondoka ninapozichana, na hedhi yangu imekosekana kwa miezi miwili sasa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni binti yangu. Mwalimu wake aliniita akaniambia kwamba mtoto amekuwa akikataa githeri ya shule, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba wanga ni sumu. Sikumfundisha hivyo, lakini maneno hayo niliyatambua kuwa ni yangu.

Mama, mimi si mtu wa mambo ya urembo, na sikuwahi kutamani kuwa mwembamba. Kwa nini wakati huu ambapo nina mambo mazito ya kufikiria ndipo nimeng'ang'ania viazi na mizani? Je, huu ni ugonjwa? Na je, nimweleze mume wangu? Yeye anaamini kwamba najinyima chakula ili pesa za matumizi zitoshe, na naona jinsi jambo hilo linavyomwuma.

Ni mimi,
Mwenye Wasiwasi, Kisumu

Mwanangu,

Nitalijibu swali lako la kwa nini, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu linastahili, lakini kabla ya hapo nakusihi uende hospitalini juma hili. Baridi isiyoelezeka, nywele zinazodondoka, kukonda na kukosa hedhi vinaweza kutokana na chakula kidogo. Mwili unapokosa nishati ya kutosha hupunguza shughuli ambazo si za lazima kwa uhai wa leo, na uzazi huwa miongoni mwa za kwanza. Hata hivyo, dalili hizo hizo zinaweza kutokana na mambo mengine, kwa hiyo mwombe daktari apime ujauzito kwanza, kisha damu, tezi ya shingo na sukari, na akuchunguze kifua kikuu. Ikiwa minong'ono ya majirani inakusumbua, kipimo cha virusi vya UKIMWI kitakupa jibu ambalo wao hawana, na wewe uliyefanya kazi katika miradi ya afya unajua kwamba kipimo hicho hakina aibu yoyote. Nenda na daftari lako. Mwonyeshe daktari kurasa zake jinsi zilivyo, bila kuzipunguza wala kuzitetea, kwa sababu mgonjwa asipotaja chakula chake, daktari anaweza kutafuta sababu mahali pengine kwa miezi mingi.

Sasa nije kwenye swali lako. Unashangaa kwamba umeng'ang'ania viazi na mizani wakati ambapo kazi yako inayumba, lakini watu wamefanya hivyo kila walipozungukwa na hatari wasiyoielewa. Kipindupindu kilipoingia New York mwaka wa 1832, hakuna aliyejua kinasababishwa na nini. Madaktari wengi waliwaonya watu wasile matunda na mboga mbichi. Mhubiri mmoja aliyeitwa Sylvester Graham alifundisha karibu kinyume chake: watu waache nyama, pombe na viungo, wale mboga na mkate wa unga usiochekechwa, na akapata wafuasi wengi. Pande zote mbili zilikuwa zikitafuta usalama kwenye sahani. Ilipofika mwaka wa 1854, ndipo daktari John Snow alipoonyesha mjini London kwamba wagonjwa wa mtaa mmoja walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja iliyochafuka. Ugonjwa ulikuwa ukija kwa maji, na kanuni zote zile za nyama na mboga hazikuwa zimeugusa. Hapa kwetu, baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa tarehe 13 Machi 2020, nyumba nyingi zilianza kuchemsha tangawizi, limau na vitunguu saumu asubuhi na jioni. Siwacheki waliofanya hivyo. Mtu aliyeambiwa kwamba kuna hatari, na kwamba hana la kufanya ila kungoja, atatafuta kitu ambacho mikono yake inaweza kukifanya, na chakula kiko karibu na mikono ya kila mmoja wetu, hasa sisi wanawake tunaopika.

Tazama hali yako kwa jicho hilo. Kazini umefanya kila linalotakiwa: takwimu zako zimekamilika, umefika kwa wakati, na bado kubaki kwako au kuondoka kwako kunaamuliwa na watu walio mbali, ambao hawajui jina lako na hawakuambii lolote. Juhudi yako na matokeo yake vimetenganishwa. Jikoni vimeunganishwa tena, kwa sababu ukiamua asubuhi kwamba hutakula baada ya saa kumi, jioni hiyo hiyo utajua kama umeshinda au umeshindwa, na hakuna mfadhili anayeweza kulibatilisha jibu hilo. Daftari lako linakupa haki ambayo mkataba wako umekunyima, yaani kwamba aliyejitahidi anaonekana kuwa amejitahidi. Ndiyo maana siku isiyo na kosa hukuletea usingizi. Hilo halikufanyi kuwa mpumbavu wala mtu wa anasa, na naomba uache kujilaumu kwa jambo hilo, kwa sababu lawama ni kanuni nyingine utakayojiadhibu nayo.

Lakini kuna sababu ya pili, na naiona kuwa na nguvu kuliko ya kwanza, ingawa haitajwi mara nyingi. Njaa yenyewe huchukua nafasi ya hofu. Mwishoni mwa mwaka wa 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya nzuri, waliokuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri, wakakubali kwa hiari yao kupunguziwa chakula kwa miezi sita ili ijulikane jinsi ya kuwasaidia watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa. Hawakunyimwa chakula kabisa. Walipewa takriban nusu ya walichozoea, nao wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walihisi baridi kama unavyohisi wewe. Walikuwa wepesi wa kukasirika na kuhuzunika. Jambo linalokuhusu zaidi ni yaliyotokea katika fikira zao: mazungumzo juu ya vita, siasa na mambo waliyoyapenda yalififia, na chakula kikajaa nafasi yote. Walisoma vitabu vya mapishi, wengine wakakusanya maelekezo ya vyakula ambavyo hawakuruhusiwa kuvila, na walikaa na sahani zao muda mrefu wakikigawanya na kukichanganya kile kidogo walichopewa. Vijana hao hawakuwa na tatizo la chakula kabla ya kuanza. Ni upungufu wenyewe uliowafanya hivyo.

Kwa hiyo utulivu unaoupata saa nne za usiku, mwanangu, usiuchukue wote kuwa ni matunda ya nidhamu. Sehemu yake ni kwamba akili yenye njaa haina nafasi ya kufikiria mkataba. Ukiwa unahesabu vipande vya kiazi na kungojea saa sita ya kesho, huwezi wakati huo huo kuwaza karo ya muhula ujao. Hofu haijaondoka, imekosa mahali pa kukaa, na inapopata upenyo, kama siku ile ya keki, inarudi yote kwa pamoja. Naona si bure kwamba ilikuwa ni keki ya kumuaga mwenzenu aliyepoteza kazi. Wewe unakumbuka sukari iliyokuwa ndani yake, mimi nafikiri kilichokukosesha usingizi usiku ule ni yule mwenzako anayeondoka.

Hii pia ndiyo sababu kanuni zako hazitoshi na zinazidi kuongezeka. Zilianza na sababu za kweli, nami nisingependa kuzidharau. Mama yako ana kisukari, na mtoto wa mgonjwa wa kisukari ana sababu ya kujali sukari anayokula. Sumukuvu nayo ni hatari ya kweli: mwaka wa 2004 mahindi yaliyoota kuvu yaliwaua watu 125 miongoni mwa 317 waliougua, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, na kupika kwa kawaida hakuiondoi sumu hiyo. Lakini tahadhari ya kweli ina mwisho wake. Anayehofia sumukuvu hununua mahindi makavu yasiyozidi unyevu wa asilimia 13.5, huyachagua na kutupa punje zilizobadilika rangi, huyahifadhi mahali pasipo na unyevunyevu, kisha hula ugali wake na kulala. Anayehofia kisukari hupimwa, hupunguza soda na chai yenye sukari nyingi, hutembea kila siku, kisha huendelea na maisha. Kanuni zako hazina mwisho wa namna hiyo. Kila moja ilipotimizwa ilizaa nyingine, na mafuta ya kupikia, ambayo hayana uhusiano na sumukuvu, nayo yakaingia kwenye orodha. Unapoona hivyo, jua kwamba kinachoogopwa hakimo ndani ya chakula.

Huenda mtu akakuambia kwamba kufunga ni jambo jema na kwamba dini nyingi hufunga. Ni kweli, na tofauti yake na unachofanya ni kubwa. Ramadhani ina mwandamo wa mwezi unaoifungua na mwingine unaoifunga. Kila jioni watu hufuturu pamoja. Na mgonjwa na msafiri wameruhusiwa wasifunge. Kwaresima nayo hukoma kwa Pasaka. Mfungo wako hauna siku ya kukoma, hauna ruhusa kwa aliye mgonjwa, na mlo wake unaliwa peke yako mbele ya mizani.

Umeuliza kama ni ugonjwa. Mimi siwezi kukupima kwa barua, na anayefanya hivyo anakudanganya. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wataalamu wanayajua matatizo ya ulaji kuwa magonjwa halisi, na kwamba hayawahusu tu wasichana wanaotaka kuwa wembamba. Mwaka wa 1997 daktari wa Marekani aitwaye Steven Bratman alianza kutumia jina la othoreksia kueleza hali ya mtu aliyeshikwa na haja ya kula vyakula anavyoviona kuwa safi, mpaka haja hiyo inaharibu afya na uhusiano wake na watu. Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili unaotumiwa Marekani haujaiorodhesha kama ugonjwa unaojitegemea. Nalitaja jina hilo ili ujue kwamba wewe si mtu wa kwanza, na kwamba kutotaka urembo hakumkingi mtu. Hedhi iliyokoma, kula kunakopunguzwa ili kujiadhibu, na kushindwa kula chakula cha watu unaowapenda ni mambo matatu yanayotosha kumwona mtaalamu bila kungojea yazidi. Omba kumwona afisa wa lishe na mshauri nasaha katika hospitali hiyo hiyo utakayokwenda, kwa maana mmoja atashughulikia sahani na mwingine atashughulikia hofu, na ukimwona mmoja tu kazi itabaki nusu.

Kuhusu chakula chenyewe, ningekuomba uanze na mafuta. Osuga, kunde na mchicha unavyochemsha vina viini vya vitamini A kwa wingi, lakini vitamini hiyo, pamoja na D, E na K, hufyonzwa mwilini kwa msaada wa mafuta. Kwa hiyo kijiko cha mafuta unachokiogopa ndicho kinachofanya mboga yako iwe na faida unayoitafuta. Rudisha mlo wa jioni, ule mezani pamoja na wengine. Kula omena (dagaa) wazima wenye protini na madini ya chokaa, maharagwe, yai, ugali wa wimbi au mtama ikiwa wa mahindi bado unakutisha, ingawa sitakuficha kwamba wimbi na mtama nazo ni wanga, na mwili wako unauhitaji wanga huo. Ubongo peke yake hutumia takriban sehemu moja kati ya tano ya nishati ya mwili uliopumzika. Usijaribu kuvirudisha vyakula vyote kwa siku moja kwa hasira. Chagua kimoja, pamoja na afisa wa lishe, ukile mpaka kizoeleke, kisha uende kwa kingine. Mizani mpe mtu aiweke mbali na jikoni. Daftari likabidhiwe mshauri wako, na kama anataka uandike, atakuelekeza uandike nini. Tarajia kwamba majuma ya kwanza utalala vibaya, kwa sababu ile hofu uliyokuwa umeizibia itapata mlango.

Na hofu hiyo sharti ishughulikiwe pale ilipo, yaani kwenye mkataba. Tafuta jioni moja, ukishiba, mkae na mume wako mkiwa na kalamu. Andikeni tarehe ya mwisho wa mkataba, gharama zisizoweza kungoja, akiba iliyopo katika chama au SACCO, na miezi ambayo familia inaweza kuvuka ikiwa mshahara utakoma. Idadi hiyo hata ikiwa ndogo haitishi kama ile ambayo haijawahi kuandikwa. Kisha mwandikie mwajiri wako kwa heshima, uulize ni lini mtajulishwa kuhusu kurefushwa kwa mikataba, ili ombi lako libaki katika kumbukumbu. Soma mkataba wako vizuri. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 inasema kwamba mfanyakazi anayeachishwa kwa sababu nafasi yake imeondolewa hupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Mkataba unaokwisha wenyewe kwa tarehe yake huwa na mambo yake tofauti, kwa hiyo muulize afisa wa leba mahali unaposimama. Huenda jibu lisikufurahishe, lakini litakuwa jibu la swali lenyewe, na tangu mwanzo wa mwaka wa 2025 umekuwa ukiuuliza mwili wako swali ambalo hauwezi kulijibu.

Binti yako hahitaji hotuba, wala usimwambie ghafla kwamba lazima ale. Mwambie kwa maneno machache kwamba ulikosea uliposema wanga ni sumu, kwamba githeri ni chakula kizuri kinachomsaidia kukua na kusoma, na kwamba mama amekuwa na wasiwasi wa kazi na sasa anasaidiwa. Watoto wa umri wake huamini wanachokiona kuliko wanachoambiwa, kwa hiyo keti naye, kula sahani ileile anayokula yeye, na msizungumze juu ya chakula mkiwa mezani. Acha kabisa kugawa vyakula kuwa visafi na vichafu mbele yake. Mwombe mwalimu aendelee kukuarifu, na ikiwa baada ya majuma machache bado anakataa kula, umpeleke naye kwa daktari.

Mama mkwe wako mpigie simu wewe mwenyewe badala ya kumwachia mwanawe. Huna haja ya kumweleza kila kitu. Mwambie kwamba hukuwa ukimdharau wala kukidharau chakula chake, kwamba afya yako haikuwa sawa na sasa unatibiwa. Mwanamke aliyekuchinjia kuku amekuwa akiuliza habari zako kwa miezi kadhaa, na nadhani maswali yake ni ya mtu anayekuhofia zaidi kuliko ya mtu aliyekasirika.

Mume wako mweleze, tena mapema, kabla hata ya siku ya hospitali ikiwezekana. Umesema anaamini kwamba unajinyima ili pesa zitoshe. Maana yake ni kwamba kila jioni unapokataa kula, yeye huona mke anayekonda kwa sababu karakana yake haileti ya kutosha, naye amebeba lawama ya jambo ambalo hakulisababisha. Mwambie wazi kwamba pesa za chakula zipo, kwamba hukuacha kula kwa ajili ya bajeti, na kwamba ulipoogopa kupoteza kazi ulianza kushika kanuni za chakula mpaka zikakushinda kuziacha. Pengine hataelewa yote kwa mara moja; mpe barua hii asome ikiwa maneno yatakuwa mazito kuyatamka. Kisha mwombe mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wake: aje nawe hospitalini, na awe nyumbani wakati wa chakula cha jioni katika majuma haya ya kwanza.

Wako,
Mama Mshauri